Kikohozi Kisichokwisha na Dawa za Pumu



Wenye vijana wao Mbeya na Iringa twawaomba waisome habari hii kwa makini. Miji hiyo iko juu, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake ni kali, na watu hujifungia ndani pamoja na moshi wa kuni na mkaa. Baridi na moshi ni adui wa mwenye pumu, na aghalabu pumu hujionyesha kwa kikohozi cha usiku.

Lakini kikohozi kilichofika wiki mbili kisidhaniwe tu kuwa ni pumu. Kwanza mgonjwa apimwe makohozi, isije ikawa ni kifua kikuu. Katika hospitali za Serikali kipimo hicho na dawa zake ni bure. Tena amtajie daktari dawa azitumiazo, kwani baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, huleta kikohozi kikavu.

Ikithibitika ni pumu, dawa za kuvuta ni za namna mbili. Salbutamol, ambayo aghalabu kikopo chake ni cha buluu, hufungua njia za pumzi kwa dakika chache, lakini haiondoi uvimbe ulio ndani. Beclomethasone huutuliza uvimbe huo. Nayo huvutwa kila siku, hata mtu akijiona mzima, kisha husukutua kinywa kwa maji.

Wengi hununua cha buluu peke yake kwa kuwa nafuu yake huonekana upesi. Ni sawa na mkulima afyekaye magugu chini ya mikarafuu akaiacha mizizi. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu ulimwenguni wameonya kuwa mtu mzima asitegemee salbutamol pekee. Na dawa ya maji ya kikohozi haitibu pumu.

Mtoto asiyeweza kuvuta vyema hutengenezewa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili mdomo wa kikopo ukae sawasawa.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali saa ile ile, huku akiendelea kuvuta salbutamol njiani. Huko huenda akapewa vidonge vya prednisolone kwa siku chache, asijinunulie mwenyewe.

Tafadhalini wafikishieni jamaa zenu habari hizi kabla ya kipupwe.