Jina Langu Lilivyobanduka

Mume wangu alipoandika jina langu kwenye kayaki yetu ya plastiki hapa Musoma, nilijua yameisha. Tulikuwa tumenuniana wiki mbili! Siku ya tatu ziwani, rangi ikabanduka. Nikanuna upya.

Fundi mitumbwi wa Mwigobero akanicheka: “Dada yangu, mbao inakunywa rangi, plastiki haishiki.”

Kumbe! Hata Flipflopi, lile jahazi la plastiki lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, lilipambwa kwa njia yake. Lilivalishwa ndala kuukuu 30,000.

Basi tukaiosha kayaki kwa sabuni, ikakauka vizuri, tukabandika stika ya gundi kali. Jina bado lipo.

Msomaji wangu, kabla hujamnunia mwenzio, jiulize: tatizo ni moyo wake, au ni rangi tu?