Pupuseria, Meza ya Familia ya El Salvador

Pupuseria ni mgahawa wa pupusa, yaani mkate mnene wa mahindi uliojazwa kitu ndani na kuivishwa juu ya chuma cha moto. Migahawa hii imeenea kote El Salvador, nchi iliyo ndogo kuliko zote za Amerika ya Kati, na mara nyingi huwa ya familia: mama au bibi husimama kwenye chuma, binti au mkwe hupokea maagizo, vijana hupeleka sahani na kufuta meza. Mgeni huweza kuitambua pupuseria hata kabla ya kusoma kibao, kwa mlio wa viganja vinavyopiga donge: pa, pa, pa, mfululizo.

Kwa wanaofuata njia ya zamani, kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Mahindi makavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa, yakaachwa humo hadi asubuhi, kisha huoshwa ili maganda yatoke na kusagwa yangali na maji hadi yawe kinyunya. Chokaa hiyo haitiwi kwa ajili ya ladha tu. Huifungua niasini, vitamini iliyomo katika mahindi lakini ambayo mwili hauipati vizuri yakipikwa hivi hivi. Wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati waliijua njia hii tangu zama za kale. Mahindi yalipovushwa bahari baada ya 1492, mbegu ilikwenda peke yake, bila ujuzi wa chokaa. Ndiyo maana maskini walioishi kwa mahindi karibu matupu, kuanzia Italia hadi kusini mwa Afrika, walipatwa na pelagra, maradhi yanayochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili. Kila mla ugali anayeketi mbele ya pupusa anastahili kuijua habari hii. Siku hizi migahawa mingi, hasa ya ughaibuni, hununua unga uliokwisha kutayarishwa kwa chokaa, ukabaki kukandwa kwa maji tu.

Pupusa haisukumwi kama chapati. Mpishi hulowesha viganja, humega donge, hulibonyeza katikati likawa kama kikombe, hutia kijazo na kulifumba, kisha hulipigapiga kutoka kiganja hadi kiganja mpaka liwe duara bapa. Kijazo hakitakiwi kutokeza. Hata hivyo jibini likichuruzika kidogo na kukauka kwenye chuma, kipande hicho cha kahawia ndicho wengi hukigombea.

Vijazo vya kawaida ni jibini, maharage yaliyopondwa, na chicharoni, ambayo hapa ni nyama ya nguruwe iliyopikwa na kusagwa hadi ikawa laini ya kupakika. Vyote vitatu vikichanganywa huitwa revuelta, na hiyo ndiyo inayoagizwa sana. Anayetaka ladha ambayo ni vigumu kuipata kwingine aombe ya jibini na loroko, matumba ya maua ya mmea utambaao wa huko, yenye harufu kali ya majani mabichi. Mji wa Olocuilta, karibu na San Salvador, una sifa ya pupusa za unga wa mchele. Asiyekula nguruwe hana budi kuuliza hata kuhusu maharage, kwani mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya mnyama huyo. Swali hilo halimuudhi mwenyeji.

Kwa kuwa pupusa hupikwa baada ya kuagizwa, mgeni husubiri, na aliyekuja na haraka amekosea mahali. Mezani huwa kuna mtungi wa kurtido: kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti, kitunguu na oregano katika siki, vikaachwa vichachuke. Kwa sura hufanana na kachumbari, lakini kwa ukali wake iko karibu zaidi na achari. Mlaji huirundika juu ya pupusa, humwagia mchuzi mwepesi wa nyanya, akamega kwa vidole. Kula kwa mkono ndiyo ada, na pupusa mbili au tatu humtosha mtu mzima.

Vyakula vingine humfanya Mswahili ajione yuko kwao. Kuna muhogo wa kukaanga, ndizi za kukaanga zinazoliwa pamoja na maharage na malai, na mwishoni mwa wiki supu ya miguu ya ng'ombe na utumbo, ndugu kamili wa makongoro, ila hii hutiwa pia muhogo na vipande vya mahindi mabichi. Juisi ya ukwaju nayo ipo, na mti wake asili yake ni Afrika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador, vya 1980 hadi 1992, viliua watu wapatao 75,000 na kuwasukuma mamia ya maelfu kukimbilia nje, wengi wao Marekani. Katika miji kama Los Angeles na Washington, wanawake wengi walianza kwa kuuza pupusa jikoni mwao au kando ya barabara, kisha wakakodi chumba, wakaongeza meza. Baadhi waliweka na vyakula vya Kimeksiko kwenye orodha ili wateja wa huko wapate wanachokijua, lakini chuma kilibaki cha pupusa. Nyumbani, bunge la El Salvador liliitangaza pupusa kuwa chakula cha taifa mwaka 2005, na Jumapili ya pili ya Novemba ikawa siku yake.

Jumapili za kawaida, nyumbani na ughaibuni, ndizo zenye msongamano. Familia hutoka ibadani zikajaza meza, na wasiopata nafasi huagiza dazeni ya kwenda nayo. Pupusa hufungwa zingali moto, na kurtido huwekwa katika mfuko wake mdogo wa plastiki, mbali, ili siki isizilainishe kabla hazijafika nyumbani.