Intaneti ya Nyumbani Inaposuasua: Namna ya Kutambua Hitilafu Kabla ya Kulalamika au Kununua Kifurushi Kikubwa

Kaya nyingi mijini sasa hulipia intaneti kwa mwezi, iwe ni ya faiba iliyoingizwa ndani ya nyumba au ya ruta inayotumia laini ya simu. Kasi inaposhuka, wengi humlaumu mtoa huduma au huhamia kifurushi cha bei ya juu zaidi. Hatua zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Hata hivyo, zikichukuliwa kabla ya kujua hitilafu ilipo, mwananchi anaweza kulipa zaidi kila mwezi huku tatizo likibaki sebuleni kwake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Wi-Fi na intaneti si kitu kimoja. Intaneti huletwa na mtoa huduma hadi kwenye ruta. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayobeba huduma hiyo kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta au televisheni. Sehemu ya kwanza ni wajibu wa mtoa huduma. Ya pili hutegemea kwa kiasi kikubwa mazingira ya nyumba. Ndiyo maana simu inaweza kuonesha alama zote za Wi-Fi wakati intaneti imekatika, kama bomba linavyoweza kuwa zima wakati tangi halina maji.

Kupima kabla ya kuhukumu

Kasi hupimwa kwa programu au tovuti za kupimia kasi, ambazo nyingi hazina malipo, ingawa hutumia sehemu ya data ya kifurushi. Kipimo cha kwanza kifanyike karibu na ruta, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Mwenye kompyuta aiunganishe na ruta kwa waya. Asiye nayo asimame na simu hatua mbili au tatu kutoka kwenye ruta. Kipimo cha pili kifanyike katika chumba ambako intaneti husumbua.

Kasi ikiwa nzuri karibu na ruta lakini hafifu chumbani, hitilafu imo ndani ya nyumba na kifurushi kikubwa hakitaiondoa. Ikiwa hafifu hata karibu na ruta, hasa kwa kutumia waya, sababu ni ruta yenyewe au huduma inayoifikia.

Katika kulinganisha majibu na mkataba, izingatiwe kwamba watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hupakua takribani megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili la megabaiti 100 litachukua kama sekunde 40, na hapo mteja hajapunjwa.

Hitilafu za ndani ya nyumba

Sababu ya kawaida ni mahali ruta ilipowekwa. Mawimbi hudhoofishwa na kuta za zege na matofali, na huzuiwa zaidi na vyuma, yakiwamo majokofu na makabati ya chuma. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au kuachwa sakafuni kwenye kona ya nyumba hupoteza nguvu nyingi. Inafaa iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Kwa ruta ya laini ya simu, dirisha linaloelekea mnara wa mawasiliano mara nyingi ndilo linalofaa. Familia ijaribu sehemu kadhaa, ikipima kila mara.

Sababu ya pili ni masafa. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hutumiwa na vifaa vingi na huvurugwa na oveni ya maikrowevu inapowashwa. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa kwa umbali mfupi. Jina la Wi-Fi linaloishia na “5G” kwa kawaida humaanisha masafa hayo, wala si mtandao wa simu wa kizazi cha tano.

Katika majengo ya ghorofa, ruta za majirani huweza kugongana kwenye chaneli moja. Kwa gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na mtumiaji anaweza kuchagua yenye msongamano mdogo kupitia mipangilio ya ruta.

Aidha, nywila iliyogawiwa kwa wageni na majirani huongeza watumiaji wasiojulikana. Ibadilishwe, na ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3. Kuzima ruta kwa nusu dakika na kuiwasha tena huondoa hitilafu ndogo, lakini ikihitajika kila siku, ruta hiyo ikaguliwe.

Hitilafu za nje

Kasi inayoshuka jioni pekee mara nyingi huashiria msongamano wa watumiaji katika eneo. Inayoshuka kuelekea mwisho wa mwezi yaweza kutokana na masharti ya kifurushi, kwani baadhi hupunguza kasi mteja anapofikia ujazo fulani wa data. Wakati mwingine chanzo kiko mbali zaidi: Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, kuhamisha ruta hakusaidii.

Haki ya mteja

Vipimo vinapoonesha kuwa tatizo liko nje ya nyumba, mwananchi avirudie asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa, akihifadhi picha za majibu zenye tarehe na saa. Kisha awasilishe malalamiko kwa mtoa huduma na kutunza namba ya kumbukumbu ya lalamiko.

Asiporidhika, anaweza kulifikisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ina ofisi za kanda, zikiwamo za Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya na Zanzibar. Lalamiko la “intaneti ni mbovu” ni rahisi kujibiwa kwa maneno. Lenye vipimo, tarehe na nakala ya mkataba humtaka mtoa huduma aeleze ni kwa nini mteja hapati alicholipia.