Fahamu: Ufadhili wa wasanii ni nini?

Kwa maana ya hapa, ni fedha apewazo msanii kwa kuitambua kazi aliyokwisha kuidhihirisha, wala si ujira wa kazi aliyoagizwa.

Mfano wa Marekani

Taasisi ya United States Artists, iliyoasisiwa mwaka 2006 na yenye makao yake Chicago, huwatunukia wabunifu, wacheza dansi, wachoraji na wenzao dola 50,000 kila mmoja pasipo sharti la matumizi, hata ikiwa mtu ataka kulipa kodi ya nyumba, kumtibu mzazi, au kuupumzisha mwili uliochoshwa na mazoezi.

Kwa nini ni muhimu?

Mcheza dansi, ambaye rasilimali yake ni mwili wake, hana picha ya kuuza. Kwa hiyo hiba ya namna hii humfaa kuliko sifa tupu.

Hupatikanaje?

Kwa United States Artists, msanii hupendekezwa kwanza na wajuzi wa fani, ndipo maombi yake hufikishwa mbele ya jopo.