Miche Ilikufa, Funzo Likabaki

Wengi wetu tulilelewa hivi: ukiharibu kitu, unachapwa. Siku hizi watoto wanatoka shuleni na kazi ya kujaribu kitu walichokichagua wenyewe, na sisi wazazi tunaulizana, "Hii ni kusoma ama ni kucheza?" Acheni tuwaeleze tuliyoyaona.

Katika shule moja ya msingi karibu nasi, watoto wa chama cha 4K (yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya) waliomba kipande cha shamba wapande sukuma wiki. Zao walilichagua wao. Kikundi chetu kikawapa mbegu na mbolea ya kuku, mbichi, imetoka bandani juzi tu. Siku chache baada ya kuota, miche ikaungua kingo, ikanyauka, ikafa. Wazazi wengine wakasema, "Si tuliwaambia? Mbegu zimeenda bure." Watoto wakaona haya, na baadhi yao wakaacha kwenda shambani.

Mwalimu hakuwakemea. Aliwauliza maswali matatu: Mlifanya nini? Mliona nini? Mnadhani ni kwa nini? Msichana mmoja akajibu kwamba miche ya pembeni, ambako mbolea haikufika, bado ilikuwa hai. Basi wakatengeneza vitalu viwili, kimoja cha mbolea mbichi na kingine cha mbolea iliyooza vizuri. Wakajionea kwa macho. Mbolea mbichi ya kuku ni kali, huunguza mizizi. Sharti irundikwe pamoja na majani makavu, igeuzwe mara kwa mara kwa majuma kadhaa, mpaka ipoe na harufu kali iishe.

Na kosa lilikuwa la nani? Letu sisi, tuliowapa mbolea ile!

Wengi mmesikia habari za Richard Turere, kijana Mmaasai aliyekulia karibu na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Simba walikuwa wakila ng'ombe wa kwao. Alijaribu moto, ukawaangazia simba. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi, siku ya pili wakagundua kwamba haisogei. Usiku mmoja akatembea na tochi boma zima, na simba hawakuja. Hapo akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, taa zikawa zinawaka na kuzimika zenyewe. Mwaka wa 2013 alialikwa Marekani kueleza kazi hiyo. Kama angekatazwa siku ile ya sanamu, taa zingetoka wapi?

Kikundi chenu kinaweza kusaidia hivi:

1. Waacheni watoto wachague kazi. Nyinyi toeni kipande cha shamba, jembe na ushauri wakiuliza.
2. Anzeni na kidogo, ili hasara isiumize mtu. Kitalu kimoja kinatosha.
3. Wawe na daftari la kuandika tarehe, walichofanya na walichoona. Bila daftari, kosa hurudiwa.
4. Kazi ikiharibika, ulizeni yale maswali matatu kabla ya kulaumu.
5. Wapeni nafasi ya pili.

Mkikutana tena, kila mmoja aeleze kosa moja la shambani kwake na lilimfunza nini. Watoto wakitusikia sisi wazee tukikiri makosa, hawataficha yao.