Faili Ipo lakini Haipatikani: Kuhamisha Hifadhi ya Seva na Mkusanyiko wa Kikamba wa Ekalakala

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo ambalo idara nyingi za lugha zimekwisha kukumbana nalo, au zitakumbana nalo karibuni. Hifadhi ya seva inahamishwa kutoka diski kuukuu hadi diski mpya. Kazi inatangazwa kuwa imekamilika. Kisha mtafiti anaketi mbele ya tarakilishi yake na kuarifiwa kwamba faili aitakayo haipo, au kwamba hana ruhusa ya kuifungua. Desturi yetu ni kuwaachia mafundi jambo hilo na kusubiri. Hoja yetu ni kwamba mwanaisimu hapaswi kusubiri tu. Kwanza, tatizo la aina hii huchambuliwa kwa mbinu anayoifahamu vyema, yaani kuchunguza mazingira ambamo jambo hutokea na yale ambamo halitokei. Pili, kiini cha tatizo huweza kuwa cha othografia, na hilo fundi hana sababu ya kulitambua.

Mfano tutakaoutumia ni mkusanyiko wa rekodi za Kikamba zilizochukuliwa Ekalakala, katika eneo la Masinga, kaunti ya Machakos. Miongoni mwa wazungumzaji walikuwamo wazee walioikumbuka nchi ile kabla ya kukamilika kwa bwawa la Masinga mwaka 1981, maji ya mto Tana yalipokuwa bado hayajalifunika bonde. Baadhi yao wamekwisha kufariki. Kadi za vinasa sauti zilifutwa na kutumiwa tena katika safari nyingine. Kwa hiyo nakala iliyokuwa katika seva ndiyo iliyokuwa nakala ya pekee. Taasisi iliyouhifadhi mkusanyiko huo haitatajwa, maadamu lililotokea huko lingeweza kutokea popote.

2. Ngazi nne za kuifikia faili

Mtumiaji anapoomba kufungua faili, seva hupitia ngazi nne. Kwanza, diski yenyewe sharti iwe imepachikwa, yaani iwe imeunganishwa na mfumo mahali panapotarajiwa. Pili, mtumiaji sharti awe na ruhusa. Tatu, jina linaloombwa sharti lilingane na jina lililoandikwa katika diski. Nne, yaliyomo katika faili sharti yawe kamili. Ngazi yoyote ikiwa na kasoro, mtafiti hulalamika kwa maneno yaleyale: "faili haifunguki". Malalamiko ni mamoja, bali sababu ni mbalimbali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuusoma ujumbe wa seva neno kwa neno na kuunakili ulivyo. Ujumbe wa kwamba ruhusa imekataliwa na ujumbe wa kwamba hakuna faili ya jina hilo hutoka katika ngazi tofauti, na anayeichanganya huanza uchunguzi wake mahali pasipostahili.

3. Diski isiyopachikwa

Katika mfumo wa Linux, ambao hutumika katika seva nyingi, diski hupewa majina mafupi kufuatana na jinsi mfumo ulivyozitambua unapowashwa. Diski iliyokuwa ya kwanza katika seva ya zamani yaweza kuwa ya pili katika seva mpya. Ikiwa orodha ya upachikaji ilitumia majina hayo mafupi, mfumo utaipachika diski nyingine, au hautapachika yoyote. Dawa yake ni kutumia kitambulisho cha kudumu ambacho mfumo wa faili hupewa unapoundwa. Kitambulisho hicho ni mfululizo wa tarakimu na herufi 32, mbali na vistari, na hakibadiliki diski ihamishiwapo mashine nyingine.

Dalili ya kasoro hii ni rahisi kuitambua: folda ipo, lakini ni tupu kabisa. Hapo pana hatari moja inayopaswa kusisitizwa. Folda hiyo tupu hukubali faili mpya, na faili hizo huandikwa katika diski nyingine. Siku diski halisi itakapopachikwa mahali hapo, faili zilizoongezwa zitafichwa chini yake, na mwenyewe atadhani zimefutwa. Kwa hiyo mtu akikuta folda ya mkusanyiko ikiwa tupu, asiandike chochote humo mpaka sababu ijulikane.

4. Ruhusa

Mfumo wa Linux hauandiki jina la mwenye faili katika diski; huandika nambari yake. Jina hupatikana kwa kuitafuta nambari hiyo katika orodha ya watumiaji iliyomo katika seva. Tuseme mhadhiri fulani alikuwa nambari 1003 katika seva ya zamani, na katika seva mpya watumiaji wakasajiliwa upya kwa mpangilio mwingine. Nambari 1003 sasa ni ya mtu mwingine. Faili hazikuguswa, ila zimebadilika mwenyewe, na mhadhiri hukataliwa kuingia katika kazi yake mwenyewe. Marekebisho yake ni kulinganisha orodha mbili za watumiaji, kisha kuibadilisha kila nambari ya zamani iwe nambari mpya inayostahili.

Jambo jingine ni kwamba ruhusa ya faili peke yake haitoshi. Kila folda iliyo njiani sharti iwe na ruhusa ya kupita. Faili iliyo wazi ndani ya folda iliyofungwa ni kama nyumba isiyo na komeo ndani ya boma ambalo lango lake limefungwa.

Katika ngazi hii hutokea kishawishi kikubwa, nacho ni kutoa amri moja inayomruhusu kila mtumiaji kusoma na kuandika kila kitu. Amri hiyo humaliza malalamiko kwa dakika moja, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini wazungumzaji wa Ekalakala hawakumpa kila mtu idhini. Wako waliokubali sauti zao zitumiwe darasani. Wako waliokubali zisikilizwe na mtafiti peke yake, hasa walipokuwa wakizungumzia mashamba na jamaa zao. Mipaka hiyo ilihifadhiwa katika seva kwa njia ya ruhusa za folda. Kuzifungua folda zote ni kuvunja ahadi, na nchini Kenya ni jambo linaloweza kuhojiwa pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

5. Jina: suala la othografia

Ngazi ya tatu ndiyo iliyoleta utata katika mkusanyiko wa Ekalakala. Baada ya uhamisho, diski ilikuwa imepachikwa ipasavyo na ruhusa zilikuwa zimerekebishwa. Hata hivyo, baadhi ya faili zilizoitwa kupitia katalogi zilifunguka, na nyingine zilijibiwa kwamba hakuna faili ya jina hilo. Ilidhaniwa kwanza kwamba faili za zamani ndizo zilizopotea. Lakini zilipatikana za zamani zilizofunguka na mpya zisizofunguka. Ikadhaniwa kwamba tatizo limo katika folda moja. Lakini lilionekana katika folda zote.

Ndipo ulipofanywa ulinganishi ambao mwanafonolojia angeuanza siku ya kwanza. Zilichukuliwa faili mbili za folda moja, za tarehe moja, za mwenyewe mmoja. Moja, iliyohusu mvua, iliitwa kwa neno mbua. Ya pili, iliyohusu miti, iliitwa kwa neno mũtĩ. Ya kwanza ilifunguka, ya pili haikufunguka. Orodha nzima ilipogawanywa kwa kigezo hicho, mgawanyo ulikuwa wa kiutoano: majina kama mbathi (nyimbo) na ndeto (maneno, habari) yalifunguka, na majina kama mũndũ (mtu) na nthĩ (ardhi) hayakufunguka. Kila jina lenye ĩ au ũ lilikataa. Kila jina lisilo nazo lilikubali. Zaidi ya hayo, faili ileile iliyokataa kupitia katalogi ilifunguka ilipobonyezwa moja kwa moja katika orodha ya folda. Basi diski ilikuwa nzima, na ruhusa ilikuwapo. Kasoro ilikuwa katika jina.

Kikamba kina irabu saba, na maandishi yake huzitofautisha irabu mbili kwa alama ya kiwimbi: i na ĩ, u na ũ. Seti ya herufi iliyotumika sana katika tarakilishi za nchi za Magharibi, ISO 8859-1, ilikuwa na ã, ñ na õ kwa ajili ya Kireno na Kihispania, lakini haikuwa na ĩ wala ũ. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, iliziba pengo hilo, lakini iliruhusu herufi hizo ziandikwe kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni herufi moja iliyoungana. Njia ya pili ni herufi mbili zinazofuatana: irabu ya kawaida, kisha kiwimbi kinachowekwa juu yake. Kwa macho hakuna tofauti yoyote. Lakini katika usimbaji wa UTF-8, neno mũtĩ lililoungana lina baiti 6, na lililotenganishwa lina baiti 8.

Sasa mkasa unaeleweka. Katalogi iliandikwa kwa herufi zilizoungana. Wakati wa uhamisho, faili zilipitishwa kwanza katika diski ya tarakilishi ya Macintosh iliyotumia mfumo wa faili wa HFS+, uliotolewa mwaka 1998, ambao huyaandika majina yote kwa umbo la kutengana. Kutoka huko zilinakiliwa katika seva mpya ya Linux, ambayo kwa kawaida hulinganisha majina baiti kwa baiti. Katalogi iliomba jina la baiti 6. Diski ilikuwa na jina la baiti 8. Seva ikajibu kwa haki kwamba jina hilo halipo.

Marekebisho hayakuwa magumu. Orodha ya majina yote ilihifadhiwa kando. Kisha, katika nakala na si katika mkusanyiko wenyewe, majina yaligeuzwa kuwa ya umbo la kuungana kwa programu ya convmv, ambayo kwanza huonyesha itakayoyatenda, na haibadilishi kitu mpaka iamriwe waziwazi. Katalogi ilipojaribiwa na kila jina likapatikana, ndipo mabadiliko yalipofanywa katika mkusanyiko.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni sababu ya kosa hilo kutogunduliwa mapema. Uhamisho ulikuwa umejaribiwa, na majaribio yalifaulu. Lakini yalifanywa kwa faili za Kiswahili, lugha ambayo maandishi yake sanifu hayana alama juu ya irabu. Hata hivyo, Kiswahili nacho hakina kinga kamili. Neno ng'ombe huweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka au iliyopinda, nazo kwa tarakilishi ni alama mbili tofauti. Lugha zinazoonyesha toni kwa alama zitaathirika zaidi.

6. Yaliyomo

Faili kufunguka si ithibati ya kwamba imehamishwa kamili. Rekodi ya saa nzima iliyokatika katika dakika ya hamsini hufunguka na kusikika vizuri mwanzoni. Njia ya kuhakikisha ni kukokotoa muhtasari wa kila faili kabla ya uhamisho, kwa mfano kwa kanuni ya SHA-256, ambayo hutoa mfululizo wa tarakimu na herufi 64, kisha kuukokotoa tena baada ya uhamisho na kulinganisha. Baiti moja ikibadilika, muhtasari hubadilika. Lakini muhtasari huo huhusu yaliyomo, wala hauhusu jina. Mihtasari ya mkusanyiko wa Ekalakala ililingana yote, na mafundi walikuwa sahihi kusema kwamba hakuna kilichopotea. Watafiti nao walikuwa sahihi kusema kwamba hawakuweza kuzipata faili zao. Kwa hiyo ukaguzi wa yaliyomo na ukaguzi wa majina hauna budi kufanywa wote wawili.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba malalamiko mamoja huweza kutoka katika ngazi nne, na kwamba kila ngazi ina dalili zake. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa idara zinazohifadhi rekodi za lugha. Kwanza, faili za majaribio ziteuliwe na mtu anayeijua lugha, na ziwe na kila herufi na kila alama ya othografia inayohusika. Pili, orodha ya ruhusa iandikwe pamoja na sababu zake, ili atakayeirekebisha ajue ni idhini ya nani anayoilinda. Tatu, diski ya zamani ipachikwe kwa kusomwa tu, na isifutwe wala kuuzwa mpaka mtafiti aliyeukusanya mkusanyiko, au mrithi wake, amekwisha kuzifungua faili kwa kupitia katalogi na kutia sahihi.

Katika mkasa tulioueleza, diski ya zamani ilikuwa ingali kabatini, nayo ilikuwa imepangiwa kufutwa mwishoni mwa muhula. Kama si malalamiko ya majina machache yasiyofunguka, ingefutwa kabla ya yeyote kujua kama ile mpya imekamilika.