Nani Atamsemea Mtoto?

Tuanze kwa jambo mlijualo nyote. Ni usiku. Katika nyumba ya jirani mtoto analia. Si kilio cha njaa, wala cha mtoto aliyeota ndoto mbaya. Ni kilio cha mtoto anayepigwa, nacho hakikomi. Watu wa nyumba za kando wamekwisha kuamka. Mmoja aketi kitandani, asikiliza kidogo, kisha asema: "Mtoto ni wao, mambo ni yao." Azima taa, alala tena.

Sisi tunaoandika maneno haya tumekwisha kusema vivyo hivyo, wala si mara moja. Kwa hiyo hatuandiki kama mahakimu. Twaandika kama jirani aliyenyamaza usiku, akaona haya asubuhi alipokutana na mtoto yule kisimani, mkono wake umefungwa kitambaa.

Je, ni kweli kwamba mtoto ni mali ya watu wa nyumba yake peke yao? Sheria ya nchi yetu yajibu: Hapana. Yafaa tujue jibu hilo limetoka wapi, na kwa nini mpaka leo halijafika kwenye milango mingi.

Mtoto mkosefu na mtoto aliyekosewa

Tarehe 6 Desemba 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, ilitolewa dekreti juu ya watoto wakosefu. Ilimtazama hasa mtoto aliyeiba, aliyezurura, au aliyewashinda wazazi wake. Mtoto huyo aliletwa mbele ya hakimu ili aonywe, au akabidhiwe kwa watu wa kumlea. Kwa siku zake haikuwa sheria mbovu. Lakini swali lake kubwa lilikuwa hili: Mtoto huyu amefanya nini? Halikuuliza sana: Mtoto huyu amefanyiwa nini?

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Serikali zilifuatana, jina la nchi likabadilishwa na kurudishwa, na dekreti ile ikaendelea kutumika. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubali mapatano makubwa juu ya haki za watoto, na nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ikajifunga kuyashika mwaka 1990. Lakini ahadi iliyoandikwa mbali haimfuniki mtoto blanketi. Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya mwaka 1998, viliwatia wavulana bunduki mikononi, vikawaua wazazi wengi. Katika barabara za Kinshasa, Mbuji-Mayi na Lubumbashi, watoto wengi walilala nje, juu ya makaratasi.

Mtoto aitwaye mchawi

Wengi wa watoto hao hawakuwa yatima. Walifukuzwa nyumbani, kwa kuwa jamaa walisema: Huyu ni mchawi.

Zamani lawama hiyo iliwaangukia hasa wazee. Tangu miaka ya 1990 imewageukia watoto. Tazameni jinsi inavyozaliwa. Baba apoteza kazi, au mama afa, na mtoto apelekwa kwa mjomba au kwa mke wa pili wa baba. Chakula ni haba. Mara mtu mmoja wa nyumba augua, au biashara yaharibika. Watu watafuta sababu, na macho yao yamwangukia yule asiye na mtetezi: mtoto anayekojoa kitandani, anayesema usingizini, mwenye kifafa, au mkaidi kupita wenzake. Wampeleka kwa mtu anayejisifu kwamba aweza kufukuza uchawi. Huko afungiwa, anyimwa chakula na maji, pengine atiwa pilipili machoni, mpaka akiri. Wapenzi wasomaji, mtoto wa miaka 8 asiyekula siku 3 atakiri neno lolote mtakalomtia kinywani. Akiisha kukiri, wasema: "Mmesikia wenyewe!" Ndipo atupwa nje.

Desemba 2005 wananchi wa Kongo waliikubali Katiba mpya kwa kura zao, nayo ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 41 chakataza kumwacha mtoto na kumtesa, chakataza kumharibu mwilini, tena chataja waziwazi kosa la kumsingizia uchawi. Chasema pia kwamba wazazi wana wajibu wa kumlinda mtoto na kila jeuri, ndani ya nyumba na nje yake, na kwamba serikali ina wajibu wa kuwapeleka mahakamani wale wanaomtenda vibaya. Basi, sheria hiyo hatukuletewa na wageni. Tuliipigia kura sisi wenyewe.

Sheria ya mwaka 2009

Tarehe 10 Januari 2009 ilitolewa sheria namba 09/001 ya kumlinda mtoto, nayo ikachukua mahali pa dekreti ya mwaka 1950. Dekreti ile ilikuwa imeishi miaka 58.

Sheria mpya yasema kwamba kila mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Mtoto aandikishwe katika ofisi ya serikali katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Asichumbiwe wala kuozwa. Anayemsingizia mtoto uchawi afungwa tangu mwaka 1 hata miaka 3. Anayemtia mtoto katika jeshi au katika kikundi cha silaha afungwa tangu miaka 10 hata 20. Mtoto asiyetimiza miaka 14 hahukumiwi kama mkosefu. Naye mtoto aliyefukuzwa, aliyeteswa, au aliyeitwa mchawi, sheria haimwiti mzururaji. Yamwita mtoto aliye katika shida, anayestahili kulindwa na serikali na kutafutiwa jamaa ya kumpokea. Tena sheria yaamuru kwamba katika kila teritwari na kila mji pawe na mahakama ya watoto.

Wazazi wengine watauliza: "Je, tusiwaonye watoto wetu? Wahenga hawakusema kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe?" Walisema, nao walisema vema. Mzazi asiyemkataza mtoto atajuta. Lakini methali hiyo yasema juu ya mtoto anayelia kwa kuwa amenyimwa alichokitaka. Haisemi juu ya mtoto aliyevunjwa mkono. Sheria nayo haimkatazi mzazi kumwongoza mwana. Yasema kwamba maonyo ya nyumbani na ya shuleni yatolewe kwa utu. Baba ajuaye kuonya hana haja ya kumwaga damu.

Kwa nini haitoshi

Sheria ni kama mbegu nzuri ghalani: pasipo mkono wa kuipanda, haizai. Mahakama za watoto bado hazijaenea katika teritwari zote. Mama aliyekosewa binti yake kijijini aweza kutembea siku nyingi kabla ya kumwona hakimu. Watumishi wa serikali waliowekwa kuwatunza watoto ni wachache, na mara nyingi hawana hata pikipiki ya kuwafikia.

Halafu kuna jambo la kuandikisha watoto. Uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika watoto 100 wasiotimiza miaka 5, walioandikishwa walikuwa 25 tu. Wengine hudhani kwamba karatasi hiyo ni kitu cha watu wa mjini. Wanakosea. Msichana wa miaka 14 asiye na karatasi, atakayemwoa atasema ana miaka 19. Nani atamkanusha? Mvulana aliyekamatwa ataitwa mtu mzima, na kutiwa gerezani pamoja na wakubwa. Karatasi ile ndogo ni ngao ya kwanza ya mtoto.

Adui mwingine ni mapatano ya siri. Msichana akiharibiwa, jamaa mbili zaketi, mbuzi waletwa, fedha zahesabiwa, na watu wasema neno limekwisha. Halikwisha! Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zasema wazi kwamba malipo hayaondoi shitaka la namna hiyo. Mbuzi ataliwa siku moja. Aibu na maumivu ya binti yatadumu.

Tufanye nini?

Kwanza, tuseme. Tukisikia mtoto anateswa, tubishe hodi. Mara nyingi hodi ya jirani yatosha kuushusha mkono ulioinuliwa. Isipotosha, tumwendee mkuu wa mtaa, mwalimu, katekista, na polisi. Tusiende mmoja mmoja. Watu watano husikilizwa kuliko mmoja.

Pili, tudai. Wabunge wetu huja kuomba kura. Wajapo, tuwaulize: Mahakama ya watoto ya teritwari yetu iko wapi? Ofisi ya kuandikisha watoto i umbali gani na vijiji? Watumishi wa kuwatunza wanyonge walipwa? Katika miji kadha wa kadha watoto wenyewe wameunda Bunge la Watoto, nao huwaendea wakubwa kuwauliza maneno hayo bila hofu. Ni aibu mtoto awe na ujasiri kuliko baba yake.

Tatu, nyumbani kwetu tuanze na yule asiye wetu: mtoto wa ndugu aliyekufa, au mtoto aliyeletwa na mke au mume. Chakula chake kiwe sawa na cha wenzake. Ugonjwa ukiingia nyumbani, tuende kwa mganga wa hospitali, tusimtafute mchawi kati ya wanaolala chini.

Usiku huu, pengine, kilio kitasikika tena ukutani. Sheria imekwisha kusema sehemu yake. Haina miguu ya kuvuka uwanja na kubisha mlango; miguu hiyo ni yetu. Tuwashe taa, tutoke.